Kukata kona Dar: mlingoti wa taa uko upande gani wa gari lako?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimehamia Dar mwezi wa tatu nikitokea Songea, leseni ninayo mwaka wa nne sasa. Juzi nimeandikiwa faini kwa kukata kushoto taa ikiwa nyekundu, na asubuhi ileile, kwenye makutano mengine, nilikuwa nimeziona daladala mbili zikifanya hivyohivyo mbele ya trafiki bila kuguswa. Wiki hiyohiyo nilikuwa natoka mjini kwenda Buguruni, nilipofika Tazara nikajikuta niko juu ya daraja, nikaenda kugeuzia mbali kabisa. Vibao sivioni, au nikiviona nimeshachelewa. Hivi sheria ya kukata kona Dar ni ipi hasa?

Jibu: Marahaba dada, na karibu mjini. Nimefundisha udereva hapa Dar miaka 22, na swali lako huletwa zaidi na watu wenye leseni kuliko wanaojifunza. Mwanafunzi anajua kwamba hajui. Mtu aliyeendesha Songea miaka minne bila kugusana na mtu anakuja hapa, anakosea mara tatu kwa wiki, anaanza kujiona hafai. Unafaa. Sheria ni moja nchi nzima. Ila Dar imejenga aina nyingi za makutano kwa miaka michache, na kila aina ina namna yake ya kukuambia pa kupita.

Nianze na faini, maana hiyo ndiyo inayouma. Taa ikiwa nyekundu, hakuna gari linalovuka mstari wa kusimamia, liwe linanyoosha, linaingia kulia au linaingia kushoto. Nimewasikia hata madereva wa siku nyingi wakisema kushoto ni ruksa muda wote. Si kweli. Imani hiyo imetokana na kwamba kuna kona za kushoto za namna mbili, na ukiwa ndani ya gari zinafanana.

Ya kwanza ina mchepuo. Kabla hujafika kwenye mstari, kijia kinajitenga na barabara kuelekea kushoto, na kati ya kijia hicho na mataa kuna kisiwa cha zege, mara nyingi cha pembetatu. Ukishaingia kwenye kijia, taa si yako tena. Kinachokutawala ni ile alama ya pembetatu iliyosimama kichwa chini, ukingo mwekundu: wapishe waliomo kwenye barabara unayoingia, kisha nenda. Daladala ulizoziona bila shaka zilikuwa kwenye mchepuo wa namna hiyo. Hazikuvunja sheria.

Kona ya pili haina kisiwa. Leni ya kushoto inafika kwenye mstari uleule wanaosimama wanaonyoosha, na taa inayowazuia wao inakuzuia na wewe. Hapo unasubiri kijani, au mshale wa kijani unaoelekeza kushoto kama upo. Nadhani hapo ndipo ulipoandikiwa.

Namna ninayowafundisha wanafunzi kutofautisha haihitaji kibao chochote. Angalia mlingoti wa taa umesimama upande gani wa gari lako. Ukiwa kushoto kwako, kando ya barabara, bado uko chini ya taa. Ukiona mlingoti umebaki kulia kwako, umesimama kwenye kisiwa na wewe unapita nje yake, basi uko kwenye mchepuo. Mistari inafutika, vibao vinagongwa na kupinda, lakini mlingoti hauhami.

Mchepuo nao una hatari yake, na nataka uielewe vizuri. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima, makini sana. Tuliingia kwenye mchepuo mmoja asubuhi yenye foleni. Akafanya kama nilivyomfundisha: akageuza shingo kulia kutafuta nafasi kati ya magari yanayokuja. Nyuma yetu daladala ikapiga honi, ikapiga tena. Akaiona nafasi, akaachia breki, macho bado yako kulia. Mbele yetu, kutoka kushoto, kijana alikuwa ameshaingia kwenye zebra na mkokoteni wa madumu ya maji. Nilikanyaga breki ya upande wangu. Gari lilisimama pua ikiwa imekaribia gurudumu la mkokoteni kiasi cha mkono mmoja. Yule kijana hakusema neno, alitutazama tu kisha akaendelea kusukuma. Yule mama alikaa na usukani mikononi akitetemeka, na honi nyuma ikaendelea.

Tangu siku ile nafundisha hivi: kwenye mchepuo, unapoanza kuondoka, macho yanatazama unakokwenda. Tazama kulia, iko nafasi. Rudisha macho mbele na kushoto. Ndipo uachie breki. Nafasi ikipotea katika sekunde hiyo, acha ipotee. Na honi ya nyuma haina mamlaka yoyote. Anayepiga honi haoni unachokiona, na likitokea la kutokea yeye hatasimama na wewe kituoni.

Sasa Tazara, na hapa usijilaumu kabisa, maana umekosea walipokosea maelfu. Tangu daraja la Mfugale lilipofunguliwa mwaka 2018, wanaonyoosha Barabara ya Nyerere wanapita juu, na wanaotaka kuingia Barabara ya Mandela wanabaki chini kwenye mataa. Daraja limekaa katikati. Njia za chini ziko pembeni. Kwa hiyo wewe uliyetoka mjini ukitaka Buguruni, ambako ni kulia, ilikupasa kwanza ushike kushoto usipande daraja, ufike chini, ndipo uingie kulia. Akili ya dereva inakataa kitu hicho. Miaka yote tumefundishwa kwamba anayekwenda kulia anashika leni ya kulia mapema, na ukifanya hivyo Tazara, leni ya kulia inakubeba juu.

Ukilielewa la Tazara, utaelewa na Ubungo, pale inapokutana Barabara ya Morogoro na Sam Nujoma na Mandela. Lile daraja la Kijazi, lililofunguliwa 2021, lina ngazi tatu, lakini wazo ni hilohilo: juu ni kwa wanaonyoosha, kukata kona ni chini. Ukiwa na shaka kwenye makutano yenye daraja, baki chini. Ukibaki chini kimakosa utasubiri taa. Ukipanda kimakosa utaenda kugeuzia unakokujua.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na namna tunavyoweka vibao. Kibao cha mwelekeo kinatakiwa kumkuta dereva akiwa bado na muda wa kuhama leni mbili bila kumchomekea mtu. Sehemu nyingi kinamkuta ameshafika. Au kipo mapema, lakini mbele yake kuna tawi la mwarobaini, kuna bango la tangazo, kuna basi limesimama kushusha. Mwenyeji hakihitaji, kwa hiyo mwenyeji halalamiki, na mgeni anadhani tatizo ni macho yake. Kwa hiyo kubali kwamba Dar kona huikati ukiwa kwenye makutano. Unaikata mita 200 kabla, kwa kuchagua leni. Ukifika kwenye mstari ukagundua uko leni siyo, kona hiyo imeshakupita. Nyoosha. Nenda kageuze mbele panaporuhusiwa. Wanaogongana Tazara, Buguruni na Mwenge, wengi ninaowaona mimi ni wale waliokataa kupoteza dakika kumi.

Kuna kona moja ya kulia ambayo kwa mtu wa mkoani ni ngeni kabisa, nayo ni kwenye barabara zenye mabasi ya mwendokasi. Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi mjini, mabasi haya yana njia zao katikati tangu 2016, na Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala imejengwa hivyohivyo. Fikiria ulivyozoea: unakata kulia, unayemhofia ni anayekuja mbele yako. Ukimwona yuko mbali, unapita. Kwenye Barabara ya Morogoro kuna mwingine, na huyo anatokea nyuma yako. Uko leni ya kulia kabisa ya magari ya kawaida, unadhani kulia kwako hakuna kitu, kumbe bega kwa bega na wewe iko njia ya basi, na basi linanyoosha. Mengine yale marefu ya kuunga yana mita 18 na yamejaa watu waliosimama. Taa ya kunyoosha ikiwaka kijani inaweza kuwa imewaka kwenu wote wawili. Ukikata kulia kwa kijani hicho, unajiweka mbele ya pua ya basi.

Kwa hiyo kwenye barabara yenye mwendokasi, kulia ni kwa mshale tu. Mviringo wa kijani si ruhusa yako, subiri mshale. Na mshale ukishawaka, tupia jicho kwenye kioo cha kulia kabla hujazungusha usukani, kwa sababu kuna bodaboda wanaopita kwenye njia ya basi kinyume cha sheria, na hao taa hawaitazami. Pakiwa na duara jekundu lenye mshale wa kulia uliokatwa kwa mstari, basi kulia hakuna hata kama barabara ni nyeupe. Nyoosha hadi pa kugeuzia.

Kuhusu trafiki. Sehemu nyingi utakuta taa inawaka vizuri, na bado askari wa sare nyeupe amesimama katikati anaita upande ambao taa yake ni nyekundu. Hapo hakuna utata wa kisheria: ishara ya askari iko juu ya taa, taa iko juu ya vibao vya kupishana, na kibao kiko juu ya kanuni ya jumla ya barabarani. Akikuita kwenye nyekundu, nenda. Akikuzuia kwenye kijani, simama. Ukiona kifua chake au mgongo wake, jihesabu umezuiwa. Ukiona ubavu wake, upande wako ndio ulio wazi au unaokaribia kufunguliwa. Mkono ulionyooshwa juu unasimamisha pande zote.

Kigumu ni pale askari anapomaliza kazi. Anatoka katikati anasogea kivulini, hapulizi filimbi, hatangazi. Dakika ile taa imerudi madarakani, na magari ya nyuma bado yanafuata mkondo aliouanzisha yeye. Nimeona ajali za namna hiyo. Gari la nne au la tano linavuka likiamini limeitwa. Usifuate mkia wa gari la mbele. Kila unapofika kwenye mstari mtafute askari kwa macho. Usipomwona katikati, rudi kwenye taa. Na taa zikizimika zote, umeme umekatika na askari hajafika, usidhani barabara yako kubwa inakupa haki ya kupita kwa spidi. Wa upande wa pili naye anadhani hivyohivyo.

Kiplefti nitapita haraka, kwa kuwa kanuni zake ziko wazi kuliko watu wanavyodhani. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiingereza cha "shika kushoto", na kufanya hivyo ndiko kunakokufanya uzunguke kisiwa kikiwa kulia kwako, iwe pale Sanamu ya Askari, Posta, au kwingine kokote. Waliomo ndani, wanaokujia kutoka kulia, wana haki. Wewe unayeingia unasubiri. Ukitaka njia ya kwanza kushoto, shika leni ya kushoto na indiketa ya kushoto. Ukitaka kunyoosha, ingia bila indiketa, ukishaipita njia iliyo kabla ya yako washa kushoto utoke. Ukitaka kulia, ingia leni ya ndani na indiketa ya kulia, kisha ubadilishe kuwa kushoto unapokaribia kutoka. Hiyo indiketa ya kutokea ndiyo ambayo karibu hakuna anayeiwasha, na bila hiyo anayesubiri kuingia hawezi kujua kama unatoka au unaendelea kuzunguka.

Nimetaja indiketa, na kuna desturi moja ya hapa ambayo naomba usiige. Utaona dereva anayenyoosha kwenye makutano anawasha indiketa zote mbili kwa pamoja, akimaanisha "siendi kulia wala kushoto, nanyoosha". Haimo kwenye sheria, na ina hatari ambayo yeye aliye ndani ya gari haioni. Mtu aliyesimama pembeni, tuseme bajaji inayosubiri kutoka upande wa kushoto, anaona ubavu mmoja tu wa gari hilo. Kwake yeye taa inayowaka ni moja, ya kushoto. Anasoma kwamba gari linaingia kushoto, anatoka. Anayenyoosha haonyeshi chochote, na kutoonyesha ndiyo ishara yake. Taa zile mbili ni za gari bovu au dharura.

Vivyo hivyo kupiga full, yaani kummulika mtu kwa taa kubwa. Huyu anapiga full akimaanisha "pita, nakupisha", yule anapiga full akimaanisha "kaa hapo, napita mimi", na mwako ni uleule. Usitoke kwa sababu umepigwa full. Toka kwa sababu umeona magurudumu yake yanapunguza mwendo.

Na kwenye Barabara ya Mandela, ambako makontena yanatoka bandarini, ukiona tela limewasha kushoto huku linafunguka kulia, usiingie kwenye uwazi linaouacha. Halijabadilisha mawazo. Linatafuta nafasi ili matairi ya nyuma yasipande ukingo, na sekunde chache baadaye uwazi huo utajaa tela.

Umeniuliza pia juu ya vibao vyenyewe. Ukishindwa kusoma, soma umbo na rangi. Duara la bluu linaamuru, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, pembetatu inaonya. Umbo la pembe nane na ile pembetatu ya kichwa chini vimepewa maumbo yasiyofanana na kibao kingine makusudi, ili vitambulike hata vikifunikwa vumbi, hata ukivitazama kwa nyuma. Jambo hilo la nyuma lina faida: ukiwa kwenye makutano usiyoyajua, tazama upande wa pili, ukiona mgongo wa kibao cha pembe nane kinachowatazama wao, umejua kwamba wao ndio wanaotakiwa kusimama. Na kuna mishale miwili ya bluu inayochanganywa kila siku. Mshale uliolala mshazari kuelekea chini kushoto unasema kipite hiki kisiwa kwa upande wa kushoto, basi. Mshale uliopinda kushoto unasema ingia kushoto, hakuna kwingine. Nimefundisha watu wenye leseni waliokuwa wakilazimika kukata kushoto kila wakiuona ule wa kwanza.

Mwisho, faini yako. Ya kosa moja kwa gari la kawaida ni shilingi 30,000. Kulipa ni kukubali kosa. Kama kweli palikuwa na mchepuo na kisiwa, una haki ya kukataa na kuomba shauri liende mahakamani, na hapo picha ya mahali penyewe, inayoonyesha mlingoti, kisiwa na leni uliyokuwamo, itasema zaidi yako. Kama hapakuwa na kisiwa, lipa.

Kibao kilichofichwa na tawi au kilichogongwa kikalala, usikiache hivyo. Barabara kubwa kama Morogoro, Nyerere, Mandela, Bagamoyo, Kilwa na Sam Nujoma ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Piga picha ukiwa umeegesha, taja barabara, upande unaoelekea na kitu cha karibu kinachojulikana, kituo cha daladala au sheli, kisha peleka ofisini kwao kwa maandishi. Nimepeleka mara nyingi. Si kila mara hufanyiwa kazi, ila nimewahi kurudi baada ya wiki mbili nikakuta tawi limekatwa, na kila siku ninapopita pale nafurahi.

Jumapili hii amka mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe barabarani kabla mji haujajaa. Toka mjini kwa Nyerere, na ukianza kuliona daraja la Mfugale kwa mbali, shika kushoto, uliache lipande bila wewe. Ukifika chini kwenye mataa simama kwenye mstari, tazama kwanza mlingoti uko upande gani, kisha washa kulia usubiri zamu yako ya kwenda Buguruni. Zunguka hivyo mara tatu. Kisha niandikie uniambie imekuwaje.